Penseli ya HB, vizibo 20, daftari la visanduku, rimu ya karatasi: kila kitu kwenye orodha ya mwalimu kina kazi gani? (Uzi kwa wazazi wa shule za msingi)

Mwalimu wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kila Januari shule zikifunguliwa malalamiko huwa ni yale yale: orodha ndefu, walimu wanachagua mpaka aina ya penseli, mzazi kabanwa na kodi ya nyumba na sare bado hajamaliza kushona. Mimi nafundisha darasa la kwanza shule ya msingi ya serikali, na orodha ya darasa langu naiandika kwa mkono wangu. Lawama nyingi zinatokana na sisi walimu kuandika orodha bila kuweka sababu pembeni. Naomba leo niziweke sababu hapa, kisha mniulize mnavyotaka.

Nianze na penseli, maana ndiyo inayobishaniwa zaidi. HB ni alama ya ugumu wa ile grafaiti ya ndani. Iko katikati, si ngumu wala si laini. Penseli ngumu inaacha mstari hafifu, mtoto anakandamiza ili aone alichoandika, karatasi inachanika na vidole vinachoka kabla ya kipindi kuisha. Iliyo laini sana inapaka masizi, ukurasa mzima unakuwa mweusi, na inakwisha haraka. Kuna na zile za bei ya kutupa ambazo grafaiti imeshavunjika ndani kwa ndani: mtoto anachonga, ncha inadondoka, anachonga tena, inadondoka tena. Wenzake wameandika sentensi nne, yeye bado anachonga. Kipindi cha darasa la kwanza ni kifupi, mtoto wa hivyo anarudi nyumbani na daftari tupu na mzazi anasema mwalimu hafundishi.

Halafu kuna safari ya mbele. Tangu 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba unatumia fomu za OMR, zile ambazo mtoto anasiliba kivuli kwenye herufi ya jibu na mashine inasoma. Inasilibwa kwa penseli ya HB. Mtoto aliyezoea HB tangu mwanzo mkono wake unajua akandamize kiasi gani.

Kwa nini asianze na kalamu ya wino? Kwa sababu mwaka huu kazi yake ni kuumba herufi, na kuumba ni kukosea na kufuta. Kalamu inateleza, mkono mdogo haujaweza kuizuia, na kosa la wino halifutiki. Matokeo yake anatoboa karatasi kwa mate na kidole.

Kichongeo naomba msikidharau. Nikiandika "kichongeo" maana yake ni kwamba sitaki wembe darasani. Watoto wa miaka sita wamekaa wanne dawati moja, mmoja ana wembe mkononi. Sihitaji kueleza zaidi.

Sasa madaftari, na hapa nitakaa kidogo. Daftari la mwandiko lina mistari ya kuongoza urefu wa herufi. Mtoto anaona kwamba "a" inakaa katikati, "b" inapanda, "g" na "y" mkia unashuka chini. Ukimletea daftari la mstari mmoja mmoja, herufi zote zinakuwa na kimo kimoja, na "h" inafanana na "n". Hilo litamfuata mpaka sekondari, na msahihishaji wa mtihani hana muda wa kukisia.

Daftari la hesabu lina visanduku. Sababu ni hii: mpe mtoto 27 + 15 aiandike wima. Kwenye visanduku, 5 inakaa chini ya 7, na 1 chini ya 2. Kwenye daftari la mistari tu, mkono unasogea kushoto kidogo, 5 inakwenda chini ya 2, anajumlisha vizuri kabisa na kupata 177. Kujumlisha anajua. Kilichomwangusha ni kupanga mamoja na makumi, na kupanga kunafundishwa na visanduku. Nikisahihisha daftari lisilo na visanduku siwezi kujua kirahisi kama mtoto hajui hesabu au mkono wake umeteleza.

Na kwa nini nakataa kaunta buku? Mzazi anaona anaokoa pesa, daftari moja kubwa la jalada gumu badala ya madogo matatu. Lakini mtoto wa darasa la kwanza akilipoteza, amepoteza kazi ya mwaka mzima. Halilaliki vizuri juu ya dawati lililobanana. Na mimi nina watoto zaidi ya 90, wakati mwongozo unataka 45 kwa darasa. Mrundo wa madaftari madogo 90 naubeba mikononi na kusahihisha nyumbani. Kaunta buku 90 siwezi kuzibeba.

Vizibo vya soda 20, au vijiti 20 vilivyokatwa sawa. Hivi havinunuliwi, na bado ndivyo vinavyokosekana kuliko vyote! Mtoto hajui "8 + 7" ni nini mpaka aone vitu vinane na vitu saba. Anachukua viwili kutoka kwenye saba, anakamilisha kumi, anafunga kumi kwa raba bendi, vinabaki vitano. Hapo ndipo 15 inapozaliwa mbele ya macho yake. Nataka 20 kwa sababu kumi peke yake haitoshi kuvuka kwenda makumi. Nataka kila mtoto awe na vyake, kwa sababu vizibo vinavyoshikwa na mwalimu mbele ya darasa wanaovielewa ni wale wa dawati la kwanza.

Karibuni.

Baba Mapacha

Shukrani mwalimu, hii ya 177 nimeielewa na nimekwenda kuangalia daftari la mmoja wa wanangu, ndivyo alivyoandika.

Lakini umezungumzia vitu vya mtoto. Mimi shida yangu haiko kwenye penseli. Shida yangu ni rimu, fagio la chelewa, ndoo, dekio. Tuliambiwa elimu bila malipo tangu Januari 2016. Nina watoto wawili darasa la nne, kwa hiyo kila kitu kwangu ni mara mbili: rimu mbili, fagio mbili. Rimu moja ina karatasi 500. Mwanangu anatumia karatasi 500 kwa mwaka kufanya nini? Na shule ikikusanya fagio 90 kwa mwaka, mwaka unaofuata zinakuwa wapi?

Mwalimu wa KKK

Baba, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa hesabu.

Shule ya msingi ya serikali inapata ruzuku ya uendeshaji. Kiwango kilichowekwa tangu enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndiyo inayokuja shuleni. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Hiyo ndiyo inunue chaki, ikarabati kitasa na dawati, igharimie mitihani, michezo na shughuli za ofisi.

Sasa chukua darasa la nne lenye watoto 90, masomo sita, kila somo karatasi mbili. Jaribio moja linakula karatasi 1,080, yaani rimu mbili na karatasi 80. Bado wino na mashine. Bila karatasi tunaandika maswali ubaoni. Mtoto wa nyuma haoni, nusu ya muda inakwisha kwa kunakili, na swali lenye umbo la pembetatu au ramani linanakiliwa vibaya, kwa hiyo mtoto anajibu swali ambalo halikuulizwa. Na darasa la nne wana upimaji wa taifa mwisho wa mwaka. Ukiwaona siku hiyo wanashika karatasi iliyochapwa kwa mara ya kwanza utalia.

Kwa hiyo karatasi zinahitajika kweli. Ila twende mbele na hesabu ile ile. Majaribio kumi kwa mwaka ni karatasi 10,800, sawa na rimu 22. Darasa lina watoto 90. Maana yake rimu moja inatosha watoto wanne. Shule inayodai rimu moja kwa kila mtoto inakusanya rimu 90, karatasi 45,000, za kufanyia majaribio zaidi ya 40 kwa mwaka, na hakuna shule inayofanya hivyo. Wanao wawili, kwa hesabu ya darasani, wanahitaji nusu rimu. Ukienda kwenye kikao cha wazazi nenda na hesabu hii mkononi, na uulize kwa upole: tunafanya majaribio mangapi?

Fagio ni vivyo hivyo. Chelewa zinaisha haraka kwenye uwanja wa mchanga na changarawe, hilo ni kweli, lakini darasa moja halifagiliwi na fagio 90.

Mjumbe wa Kamati ya Shule

Naomba niongeze upande wa waraka, maana watu wengi wanachanganya.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndio uliofuta ada na michango ya lazima. Ukafuata Waraka Na. 3 wa 2016 uliofafanua nani anafanya nini. Humo mzazi ameachiwa sare za shule na za michezo, madaftari na kalamu, chakula kwa mtoto wa kutwa, matibabu, na kwa wa bweni godoro, shuka, vifaa vya usafi wake binafsi na nauli. Kwa hiyo mzazi anayesema "bila malipo, sinunui hata daftari" hana waraka unaomlinda. Na mwalimu mkuu anayesema "bila rimu mtoto haingii" naye hana. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango hii hadharani, na baadaye ikaelezwa kwamba wazazi hawakatazwi kuchangia kwa hiari yao, ila utaratibu upite kwa viongozi, usiwe mzigo wa mwalimu kukusanya pesa wala adhabu kwa mtoto.

Kwetu tulifanya hivi: vitu vya mtoto binafsi viliwekwa karatasi moja, vya pamoja karatasi nyingine. Ile ya pili inajadiliwa kikaoni, kiasi kinapangwa kwa hesabu, vinapokelewa na mzazi mmoja pamoja na mwalimu, vinaandikwa kwenye daftari la stoo. Muhula ukiisha tunasoma mbele ya wote: ziliingia rimu ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi. Tangu tuanze kusoma hiyo taarifa, kelele zimepungua sana, na waliokuwa hawachangii wameanza.

Jambo moja sitalivumilia popote: mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya fagio. Yule mtoto hana mfuko wa pesa. Anarudishwa yeye, anakosa kipindi cha Kusoma, na fagio lenyewe halijapatikana.

Duka la Vifaa vya Shule

Nauza madaftari na sare karibu na shule tatu, naomba nami niseme machache.

Wazazi njooni na karatasi ya mwalimu, msije na maneno ya mtoto. Mtoto akisema "daftari kubwa" mimi sijui ni kurasa 48, 80 au kaunta buku. Ya visanduku huwa yanaisha wiki ya kwanza, baada ya hapo watu wanachukua ya mistari "atatumia tu hivyo hivyo". Nikisoma hapa juu sasa naelewa kwa nini wengine wanarudi baada ya siku mbili wamekasirika.

Daftari lifunue kabla ya kulipa. Pitisha kidole: karatasi nyembamba sana, maandishi ya upande wa pili yanaonekana na penseli inatoboa. Angalia pini za katikati, zikiwa mbili na zimeshika vizuri daftari litafika Desemba. Penseli nunueni dazeni mgawane wazazi wawili watatu, bei inashuka. Na kichongeo cha chuma kinadumu kuliko cha plastiki.

Mama wa Tegeta

Nyie mna nafuu. Mwanangu yuko shule ya binafsi ya Kiingereza. Orodha ina vitu zaidi ya 30: rangi za aina mbili, gundi, mkasi, manila, karatasi za chooni dazeni nzima, tishu, majalada ya rangi tofauti kwa kila somo, na vyote tununue pale pale shuleni kwa bei yao. Karatasi za chooni dazeni nzima kwa mtoto wa miaka mitano! Na rangi nilizonunua nikakuta mtoto mwingine anazitumia. Nikauliza, nikaambiwa "huwa tunachanganya".

Mwalimu wa Awali

Dada, pole. Mimi nafundisha awali, shule ya binafsi pia, naomba nikutenganishie mambo hapo.

Majalada ya rangi yana maana. Mwalimu anakusanya madaftari ya masomo matano, watoto ambao bado hawasomi. Akisema "toeni daftari la kijani" darasa zima linatoa moja kwa pamoja. Akisema "toeni daftari la English" nusu wanatoa la Kuhesabu na dakika kumi zimekwenda. Lakini karatasi yoyote ya kijani inafanya kazi hiyo, hata kalenda ya zamani iliyopakwa rangi kona moja. Haihitaji kununuliwa dirisha la shule.

Mkasi wanaoutaka ni ule wa ncha ya mviringo, kwa usalama. Kukata karatasi kunakomaza misuli ya vidole ile ile itakayoshika penseli. Gundi na manila ni hivyo hivyo, vinatumika. Karatasi za chooni zinahitajika, lakini dazeni kwa kila mtoto ni jambo la kuuliza, kwa hesabu ile ile ya rimu.

Kuhusu kuchanganya rangi, nitakuwa mkweli. Tunachanganya kwa sababu katika darasa la watoto 25 kuna wanne ambao hawakuletewa kitu. Mtoto wa miaka mitano akikaa anaangalia wenzake wanapaka rangi, hajifunzi kwamba mama yake hana pesa. Anajifunza kwamba yeye si wa pale. Kwa hiyo tunaweka rangi zote kwenye kikapu katikati ya meza. Lakini tuwaambie wazazi mapema! Mzazi akijua tangu Januari kwamba rangi ni za meza nzima, wengi hawakatai, na wengine wanaongeza. Akija kugundua Machi, anaona ameibiwa, na ana haki ya kuona hivyo.

Mzazi wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya tangu mtaala wa umilisi (CBC) uingie gredi za chini mwaka 2019, wazazi tumelia sana. Jioni mtoto anakuambia kesho mwalimu anataka maboksi, kamba, shanga, picha zimechapishwa kwa saiba (duka la intaneti). Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na serikali ina kiwango chake cha shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, lakini hizo haziwezi kununua kila kitu.

Kilichotusaidia ni mwalimu mmoja wa gredi ya pili. Alituandikia mwanzo wa muhula mambo yote ya wiki 12, akaweka pembeni kila kitu kinaweza kubadilishwa na nini. Shanga ama mbegu za maharagwe. Picha ya kuchapisha ama mtoto achore. Karibu vyote vikapatikana nyumbani. Kumbe kilichotakikana ni mtoto apange kwa rangi na ukubwa, haikuwa lazima shanga.

Mwalimu wa KKK

Ndugu wa Nakuru umesema jambo kubwa kuliko yote humu. Mwalimu akiandika "shanga" mzazi anakwenda dukani. Akiandika "vitu vidogo 20 vya rangi mbili, vya kupanga kwa rangi" mzazi anakwenda jikoni. Kuanzia muhula ujao orodha yangu itakuwa na safu mbili, kifaa na kazi yake. Walimu wenzangu mlioko humu, nawaomba mjaribu. Ni kazi ya jioni moja, na inakuokoa maswali ya mwezi mzima.

Na wazazi, kuna vitu hatuviandiki kwa aibu. Chaki ikiisha katikati ya mwezi, walimu wengi tunanunua kwa mshahara wetu. Manila za kutengeneza kadi za silabi, "ba be bi bo bu", nyingi mnazoziona ukutani zimetoka mfukoni mwa mwalimu. Nayasema ili mjue kwamba mnapoona orodha, si kwamba aliyeiandika amekaa anapokea tu. Ukiwa na maboksi ya dawa ya meno, ya sabuni au katoni dukani kwako, usiyachome. Tupe. Darasa langu lina kona ya hesabu iliyojengwa kwa maboksi matupu.

Baba Mapacha

Mwalimu nimekuelewa, na kikaoni nitakwenda na hiyo ya rimu moja kwa watoto wanne. Swali la mwisho. Mdogo wao anaingia darasa la tatu. Dukani wananiambia darasa la tatu ni kalamu, jirani anasema bado ni penseli. Ninunue nini?

Mwalimu wa KKK

Nunua vyote viwili, ila kalamu moja tu ya bluu kwa sasa. Darasa la tatu ndilo la kuhamia. Walimu wengi wanaanza na penseli, wanaruhusu kalamu mwandiko ukishakaa sawa, kila mtoto kwa wakati wake. Hesabu na michoro abaki na penseli hata baada ya hapo, maana kwenye mitihani ya taifa pia michoro ni kwa penseli. Kalamu nyekundu usimnunulie kabisa, hiyo ni ya kusahihishia. Na kabla ya kununua dazeni ya chochote, muulize mwalimu wake wa darasa anawavusha lini.